Hajambo, Amelala Tu

Nikitaja shuleni kwamba baba yangu ni rubani, wenzangu hunitazama kana kwamba mimi mwenyewe nimeteremka kutoka mawinguni asubuhi ile na nitarudi huko baada ya kipindi cha hesabu. Sijawahi kuwasahihisha. Naliacha begi langu lining'inie bega moja, natembea kwa kujivuta, na mtu akiniuliza kama ni kweli Baba hula huku dunia yote iko chini ya miguu yake, nasema "kawaida tu" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Mimi huyo huyo, nikipandishwa ngazi kubadilisha balbu ya sebuleni, naomba mtu anishike kiuno.

Nisichowaambia ni kwamba rubani ninayemjua mimi ni mtu anayelala. Wapo watoto wanaomjua baba yao kwa ukali, wengine kwa vichekesho. Mimi wangu namjua kwa mkoromo. Hulala kwenye kochi na shati lake jeupe lenye mistari minne mabegani. Hulala mezani, kijiko kimekwama njiani kati ya sahani na mdomo. Siku moja alilala ndani ya gari, nje ya geti letu wenyewe, injini imezimwa na mikono iko kwenye usukani kama vile safari inaendelea. Aliyemwona ni jirani yetu, fundi wa mageti. Alimgongea kioo taratibu, akamwambia, "Kapteni, umeshafika." Baba akashukuru, akateremka, akajaribu kufungua mlango wa nyumba kwa kadi ya kazini.

Nyumba yetu yote imepangwa kufuata usingizi wake. Mama ameshonea kitambaa cheusi nyuma ya mapazia ya chumbani, ili Baba akirudi asubuhi akute giza limemsubiri. Mama mwenyewe ni muuguzi kwenye kliniki ya meno. Anashinda kutwa akisikiliza watu wakipiga kelele, kisha anarudi kwenye nyumba ambayo hata chafya tunaipigia ndani ya mto. Mimi najua bawaba ipi inalia na kabati lipi lisiguswe. Baba akiwa amelala, kazi yangu ni kutundika taulo jekundu juu ya ukuta, upande wa karakana ya fundi. Fundi akiliona anaweka chini mashine yake ya kukatia vyuma, anageukia kazi za kimyakimya: kupima, kupaka rangi, kukosana na wateja kwa kunong'ona. Wako watu mtaani wanaoambiwa geti lao halijawa tayari kwa sababu kuna mtu kalala, na wameshazoea.

Basi mwaka huu habari zikatoka kwamba marubani wa shirika la Baba hawana raha na wakubwa wao. Mwalimu wa uraia akauliza darasani ni kwa nini wafanyakazi wanaopata vizuri wanung'unike. Darasa zima likageuka kunitazama. Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nilisimama, nikakohoa kidogo kama mheshimiwa, nikasema tatizo ni mshahara. Nikaongeza kwamba tatizo hili ni la muda mrefu na lina mizizi. Mizizi gani, sikuwa nayo, lakini nilipigiwa makofi.

Jioni nikampa Baba taarifa hiyo mezani, nikitegemea sifa.

"Mshahara wangu haujawahi kuchelewa," akasema.

"Basi ni nini, Baba?"

Akainua mkono kama anayetaka kuanza hotuba. Akatazama juu, akatafuta neno, na neno halikuja. Ulikuja usingizi. Mama akamtoa kijiko mkononi kwa ufundi wa kliniki, bila kumwamsha, na mimi nikaapa moyoni kwamba nitalichunguza jambo hili mpaka mwisho. Nilijiona nina kipaji hicho. Nina kipaji cha vitu vingi, mpaka vinapojaribiwa.

Ikabidi nimvizie kwenye pasi. Baba hapigiwi mashati na mtu. Anayapiga mwenyewe jikoni, polepole, akianzia kola, na pasi ikiwa mkononi ndipo ulimi wake unapofunguka. Alianza kazi kwenye ndege ndogo zilizobeba barua na vifaranga vya kuku, na mpaka leo anasema hajawahi kupata abiria wenye nidhamu kama wale vifaranga. Anaipenda kazi. Akiwa amebeba pipa la taka kisha ndege ipite juu, atasimama na pipa lake, shingo imepinda, mpaka ipotelee. Kwa hiyo nilichojifunza kwanza ni kwamba hana ugomvi na mawingu. Ugomvi uko chini.

Mkurugenzi wao mpya alitoka kwenye kampuni ya magodoro. Marubani wakampa jina la Godoro, na utani wenyewe ni kwamba mtu aliyewauzia watu usingizi maisha yake yote sasa amekuja kuwanyang'anya. Alianza na chakula cha marubani. Akakifuta, kila mtu aje na cha kwake. Hapo familia ndipo zilipoingia kazini, maana kapteni na rubani msaidizi hawaruhusiwi kula chakula cha aina moja. Kikiwa kibovu, angalau mmoja abaki mzima wa kutua. Mke wa rubani msaidizi anayeruka sana na Baba ana watoto mapacha, na sote tunamwita Mama Pacha. Kabla ya kila safari, mimi na yeye hupigiana simu kuulizana nani kapika kuku. Nilijipa cheo kwa kazi hiyo. Nilisema naratibu usalama wa anga.

Kisha hoteli. Zamani marubani wakilala ugenini walilala pazuri. Sasa wamehamishiwa hoteli ya bei poa iliyo juu ya ukumbi wa muziki, na Baba anasema ngoma anaisikilizia mgongoni, kupitia kitanda. Kisha ratiba, ambayo inabadilika ukiwa umeishika: unaambiwa kesho utapumzika, unapanga kwenda kumwona mama yako mzazi, jioni ujumbe unaingia kwamba kesho unaruka. Bibi yangu siku hizi haandai chochote mpaka Baba awe ameshakaa kwenye kiti.

"Si mngekataa?" nikamuuliza.

Baba akageuza mkono wa shati. Sheria inaruhusu, akaniambia. Rubani akisema amechoka, harushwi. Lakini tangu Godoro aje, anayesema amechoka huitwa orofa ya tatu, kwa wakubwa, kueleza kwa nini. Anaketishwa, anaulizwa kama ana matatizo nyumbani, kama bado anaipenda kazi, na jina lake linaanza kupitwa vyeo vinapogawiwa. Watu hawa wanakwenda juu kuliko milima, na hakuna wanachokiogopa kama orofa ya tatu. Baba alikuwa amekwisha kuitwa mara moja. Na mwezi huo alikuwa anasubiri kitu alichokitamani tangu mimi sijazaliwa: kuwa mwalimu wa marubani. Ana ugonjwa wa kufundisha. Amemfundisha Mama kurudisha gari nyuma, amemfundisha fundi kusoma mawingu, mimi amenifundisha vitu ambavyo sikuomba. Nafasi ilikuwa moja, na uamuzi ulikuwa unakaribia. Kupanda orofa ya tatu mara ya pili kungeifuta.

Lakini kilichomuudhi zaidi, nilikisikia akiwa anamalizia vifungo. Kila mwezi Godoro hukutana nao. Anaingia, anatabasamu, anasema, "Habari zenu, marubani?" Ukumbi mzima unaitikia, "Nzuri." Na kwenye taarifa ya kikao inaandikwa kwamba marubani wameulizwa hali, nao wamesema ni nzuri.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikasema watu wazima wazima wenye kofia, wanashindwaje kusema? Ningekuwa mimi, nikasema, ningemweleza ukweli usoni. Baba alizima pasi. Alitundika shati.

Likizo ilipoanza ndipo nilipopata nafasi ya kuonyesha ushujaa wangu.

Baba alikuwa ametoka kwenye mfululizo wa safari za alfajiri. Asubuhi hiyo alirudi, akamimina chai kwenye bakuli la sukari, akanyoa ndevu upande mmoja na kuuacha wa pili, kisha akaenda kulala na kiatu kimoja. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Simu yake aliiacha juu ya friji, kama afanyavyo siku hizo. Mama alikuwa kliniki. Nikatundika taulo, fundi akanipungia brashi ya rangi, mtaa ukatulia.

Simu ikalia. Nikaikimbilia ili isimwamshe, na huo ndio utetezi wangu pekee. Ningeweza kuizima. Lakini niliona kwenye kioo kwamba ni ofisi ya zamu, na nikajisikia katibu muhtasi.

"Hujambo, mwanangu?" ilikuwa sauti ya dada wa ofisini anayepanga zamu, laini kama ya mtu anayekuvisha koti.

"Sijambo, shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na Baba je, hajambo?"

"Hajambo, amelala tu."

"Amelala vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Kwa hiyo amepumzika."

"Amepumzika, ahsante."

"Haya, Mungu akubariki. Mwambie gari linamfuata saa tisa. Kuna mwenzake anaumwa."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, natabasamu kwa friji. Nilikuwa nimejibu kila swali kwa adabu, bila kigugumizi, kama nilivyolelewa. Ilichukua muda mpaka tabasamu likaanza kuniganda, kwa sababu niligundua kwamba katika yote niliyosema kuhusu Baba, kitu cha kweli kilikuwa kimoja tu, nacho ni kwamba amelala. Mtu aliyenyoa nusu uso nilikuwa nimemtolea cheti cha uzima. Mimi, niliyekuwa nimweleze Godoro ukweli usoni, nilikuwa nimeshindwa kuueleza kwenye simu.

Nikaenda kumwamsha. Aliketi ukingoni mwa kitanda, gizani, nikamsimulia yote. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alichukua simu, akapiga. Nilisimama mlangoni, nikamsikia kwa masikio yangu mawili.

"Habari za kazi, dada?" akasema. Kisha akasema, "Nzuri tu." Kisha akasikiliza. Baadaye aliniambia alichokuwa anaambiwa: kwamba dada ameshajaza kwenye kompyuta kuwa kapteni amepumzika, maana binti yake amethibitisha, na kwamba itakuwa vigumu kufuta bila kuwaarifu kule juu, na si wiki ijayo ndiyo wanakaa kuhusu ile nafasi yake? Alimkumbusha kwa nia njema kabisa. Baba akasema, "Sawa. Hapana, sijambo. Sawa."

Akaenda kuwasha pasi.

Mimi nikafanya ninachokijua. Nikachemsha mayai, nikampigia Mama Pacha, maana safari ilikuwa ya mumewe na Baba.

"Mimi nimemwekea kuku," akaniambia.

"Basi Baba atabeba mayai na viazi."

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Baba Pacha je?"

"Hajambo."

Kwa kawaida hapo ndipo tunapoagana. Siku hiyo hakuna aliyeaga. Nilisikia sufuria yake ikichemka, na bila shaka naye aliisikia yangu. Halafu akasema, polepole, kwamba mapacha wote wawili walikuwa na homa, na kwamba mume wake ndiye aliyekuwa akiwabembeleza usiku kucha, na kwamba sasa hivi alikuwa amevaa shati ndani nje na amekataa kuambiwa.

"Baba amenyoa upande mmoja," nikasema.

"Mungu wangu," akasema Mama Pacha. "Na wote wawili hawajambo."

Nilipokata simu mayai yalikuwa yamepasuka. Nilikuwa nimeratibu usalama wa anga vizuri sana: mmoja ana kuku, mwingine ana mayai, na wote wawili wamelala huku macho yako wazi.

Nilitaka kumwambia Baba asiende. Lakini nilijua tutakavyoanza. Nitamuuliza kama hajambo, atasema hajambo, nitamuuliza kama amechoka, atasema kidogo tu, na gari litafika. Alikuwa amesimama koridoni, begi lake la magurudumu pembeni, kofia mkononi. Alikuwa ameshamaliza upande wa pili wa ndevu na alionekana rubani kweli kweli, kama wale wa kwenye matangazo. Hata mimi ningepanda ndege yake.

Ndipo nikakumbuka mchezo wetu wa gari.

Kabla gari letu halijaondoka, hata kama tunakwenda dukani tu, Baba huuliza na mimi hujibu. Ndivyo wanavyofanya kule mbele ya ndege: mmoja anasoma, mwenzake anatazama, anataja anachokiona. Nilipokuwa mdogo, kila nilichoulizwa nilisema "nzuri." Milango? Nzuri. Mikanda? Nzuri. Baba alizima gari. Nzuri si jibu, Msaidizi, aliniambia. Ndivyo anavyoniita, Msaidizi. Nimekuuliza mlango, niambie mlango ukoje, na utazame kwanza. Tulikaa palepale mpaka nikageuka, na mlango wa nyuma ulikuwa umebana gauni la Mama.

Nikasimama mbele yake koridoni. Sauti niliyoitoa ilikuwa ya kasuku mwenye mafua.

"Ukaguzi kabla ya kuondoka," nikasema.

Akatazama saa. "Msaidizi, gari linakuja."

"Shati?"

Nilidhani atanipita. Lakini mtu aliyejibu maswali ya namna hiyo maisha yake yote hawezi kuyapita. Akainamisha kichwa.

"Limevaliwa."

"Vifungo?"

Akavipitishia kidole, kutoka juu. Akasimama katikati. "Kimerukwa kimoja."

"Viatu?"

"Viwili."

"Rangi?"

Akatazama chini. "Cha kushoto cheusi," akasema. "Cha kulia... cha kahawia."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani mmoja wetu acheke.

"Macho?"

Kuna kioo kidogo ukutani, Mama hukitumia kuweka hereni. Baba akakisogelea. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo anajitazama bila kujinyoa.

"Mekundu," akasema.

"Rubani?"

Swali hilo halimo kwenye ukaguzi wowote. Nililitunga pale pale, na nusura nilimeze. Baba akakaa juu ya begi lake, kofia magotini, na begi likasogea kidogo kwa magurudumu yake, ikabidi aliegemeze ukutani kwa mguu wa kahawia.

"Rubani amechoka," akasema.

Aliitoa simu mfukoni. Safari hii hakuuliza habari ya mtu.

"Dada, siko sawa kuruka leo. Futa ulichoandika. Usiandike naumwa, na usiandike nina dharura. Andika amechoka."

Nilisikia sauti laini ikimwambia kitu kirefu.

"Najua," akasema Baba. "Waambie nitapanda."

Kisha akampigia Baba Pacha, lakini huko simu ilipokelewa na mkewe, naye alikuwa ameshakalia funguo za mumewe. Safari ile iliondoka kesho yake asubuhi, na marubani wengine. Abiria walikasirika, na wana haki. Mmoja wao alikuwa mgonjwa wa kliniki ya Mama, akamsimulia mkasa wote wa kucheleweshwa huku amefungua mdomo, na Mama akamsikiliza na kumpangusa bila kusema yeye ni mke wa nani.

Baba alilala mchana ule, jioni ile na asubuhi iliyofuata. Usingizi wa pono. Alipoamka akauliza kama kuna viazi.

Wiki iliyofuata akaitwa orofa ya tatu. Yaliyotokea huko alinisimulia kwenye pasi. Godoro alikuwa nyuma ya meza, anatabasamu, akasema, "Habari, Kapteni?"

"Mbaya," akasema Baba.

"Vizuri, vizuri, kaa," akasema Godoro, maana mdomo wake ulikuwa umekwisha kujiandaa. Kisha akavua miwani. Baba anasema hajawahi kuona mtu akilitafuta swali la pili kwa shida vile. Mwishowe akauliza mbaya kwa vipi, na Baba akamweleza: ratiba, hoteli iliyo juu ya muziki, mapacha, kiatu cha kahawia. Hakumweleza kwa hasira. Alimweleza kama anavyoeleza milango na mikanda, kimoja kimoja, kilivyo.

Nafasi ya ualimu alipewa mwingine, ambaye hajawahi kukataa safari.

Baba aliileta habari hiyo nyumbani pamoja na mkate. Mama alimshika bega, akaenda kuwasha jiko. Mimi nililia kwa namna ya kitoto sana, pua na kila kitu, nikasema ni mimi niliyemharibia, mimi na hajambo yangu. Baba aliketi karibu yangu. Alisema hata yeye aliulizwa na yule dada siku ile, naye ana mistari minne mabegani, na alichojibu ni nzuri. Alisema ile nafasi alikuwa anaitaka sana na bado anaitaka. Hakusema kwamba si kitu. Nilimshukuru kwa hilo baadaye, nilipomaliza kulia, maana angesema si kitu ningejua anajibu salamu.

Kikao cha mwezi uliofuata, Godoro aliingia akasema, "Habari zenu, marubani?" na ukumbi haukuitikia. Watu walitazama kofia zao. Baba anasema kimya kile kilikuwa kirefu kuliko njia ya kurukia. Halafu Baba Pacha, ambaye hata kuomba chumvi huona haya, akasema kutoka nyuma, "Tumechoka." Na Godoro akavuta kiti, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akauliza, "Tangu lini?"

Chakula hakijarudi. Hoteli imebadilishwa, mpya iko karibu na kiwanda cha barafu, lakini kiwanda angalau hakiimbi. Ratiba bado inabadilika, ila sasa anayepiga simu haruhusiwi kuongea na familia, amri iliyotolewa, nadhani, kwa heshima yangu. Nyumbani nami nimepigwa marufuku kugusa simu iliyo juu ya friji hata ikilia mpaka ianguke. Shuleni bado wananiuliza habari za marubani. Juzi mwalimu wa uraia alinisimamisha tena, na nilipofungua mdomo niligundua kwamba jibu fupi sina. Nikasema inategemea wameulizwaje. Hakuna aliyepiga makofi.

Leo asubuhi Baba amerudi, amekula amekaa, kijiko hakikukwama. Ameingia chumbani na viatu vyote viwili amevivua, nimevikagua. Nimetoka kutundika taulo, na fundi alikuwa ameshashika mashine yake, miwani usoni.

"Kapteni hajambo?" akaniuliza.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililishika hapo hapo.

"Amechoka, fundi," nikasema. "Si kama siku ile. Lakini amechoka."

Fundi akatazama geti alilokuwa analikata, ambalo mwenye nalo alikuwa amesimama pale pale akilisubiri, mikono kiunoni. Akavua miwani, akachomoa waya ukutani, akamwambia mteja wake, kwa kunong'ona, waende wakapime upana upya.